Kumtafuta Bakteria Sugu kwa Watu Wanaojidunga Dawa za Kulevya

Katika miaka ya 1980 na 1981, madaktari wa mji wa Detroit, jimbo la Michigan nchini Marekani, walipokea wagonjwa wa namna waliyoizoea wenye ugonjwa wasioutarajia. Wagonjwa hao walikuwa watu waliojidunga heroini. Walikuja na homa kali, na majipu mikononi, na baadhi yao mioyo yao ilikwisha kushambuliwa. Kijidudu kilichoonekana katika damu yao kilikuwa kimejulikana kwa muda wa karne nzima. Jambo jipya lilikuwa kwamba hakikuuawa na methisilini, dawa iliyotengenezwa makusudi kwa ajili ya kukiua. Hadi wakati huo usugu wa aina hiyo ulihesabiwa kuwa ni balaa la hospitalini, ambalo mtu hulipata wodini baada ya kulazwa. Hawa wa Detroit walikuja nalo kutoka mitaani, na hospitali ndiyo iliyoambukizwa.

Habari za tukio hilo zilichapishwa katika majarida ya uganga mwaka 1982, nazo zikazusha swali ambalo halijazeeka hata leo. Je, hospitali ingoje mpaka mtu augue, au imtafute mbebaji wa bakteria huyo angali mzima? Na ikiwa ni kumtafuta, atafutwe wapi na kwa njia gani, na akipatikana afanyiwe nini?

Kijidudu na jina lake

Mwaka 1880 daktari mpasuaji wa mji wa Aberdeen huko Uskochi, Alexander Ogston, aliweka usaha wa jipu chini ya hadubini akaona vijidudu vya mviringo vimekusanyika mafungu mafungu. Aliviita kwa neno la Kigiriki lenye maana ya kishada cha zabibu, na ndipo lilipotoka jina la stafilokokasi. Mnamo mwaka 1884 Mjerumani Friedrich Rosenbach alitenga ile aina ambayo ikioteshwa hutoa makundi yenye rangi ya dhahabu. Huyu stafilokokasi wa dhahabu ndiye anayehusika hapa.

Yeye si mgeni mwilini mwa binadamu. Yakadiriwa kuwa mtu mmoja katika kila watatu anaye puani, wala hajui, wala hadhuriki. Puani ndiko kwake hasa, lakini hukaa pia kooni, kwapani, kinenani, na mahali popote ngozi ilipochubuka. Madhara huanza anapoivuka ngozi. Akiingia kidogo huleta jipu. Akiingia katika damu aweza kutua katika mifupa, mapafu au vali za moyo, na hapo ugonjwa huwa wa kufa na kupona.

Mwashi asiyekamatika

Ili kuuelewa usugu wake, yafaa kwanza kueleza jinsi penisilini inavyofanya kazi. Bakteria huishi ndani ya ukuta mgumu unaomzuia asipasuke, na ukuta huo hujengwa na kukarabatiwa kila wakati na vimeng'enya, ambavyo vyaweza kufananishwa na waashi. Penisilini humng'ang'ania mwashi mikono yake. Ujenzi husimama, ukuta hudhoofika, na bakteria hupasuka.

Penisilini ilianza kutumika kwa wagonjwa mwanzoni mwa miaka ya 1940. Muda haukuwa mrefu kabla ya kuonekana stafilokokasi waliokuwa na kimeng'enya cha kuivunja dawa yenyewe kabla haijamfikia mwashi. Katika hospitali moja ya London, Mary Barber alionyesha kwamba kufikia mwaka 1948 zaidi ya nusu ya stafilokokasi waliotoka kwa wagonjwa walikuwa tayari wameishinda penisilini. Wakemia walijibu kwa kubadili umbo la dawa ili isivunjike kwa urahisi, na mwaka 1959 ikapatikana methisilini. Ilionekana kana kwamba vita vimekwisha.

Havikuwa vimekwisha. Katika maabara ya Colindale, London, Patricia Jevons alipima stafilokokasi zaidi ya 5,000, akapata watatu wasioijali methisilini. Taarifa yake fupi ilitoka mwaka 1961. Hao hawakuhitaji kuivunja dawa. Walikuwa na jeni ya ziada, ambayo sasa huitwa mecA, inayowapa mwashi wa pili, mwenye mikono isiyoshikika. Waashi wa kawaida wakishikwa wote, huyu huendelea kujenga. Kwa kuwa penisilini na jamaa zake karibu zote hupita njia hiyo hiyo ya kumshika mwashi, bakteria mwenye mecA huzikataa takriban zote kwa pamoja: kloksasilini, amoksilini, na sefalosporini nyingi.

Uchunguzi wa jeni uliotolewa mwaka 2017 uliongeza jambo la kushangaza. Kwa kuzisoma jeni za bakteria wa zamani waliohifadhiwa, wataalamu walikadiria kwamba mecA iliingia katika ukoo huo katikati ya miaka ya 1940, yaani zaidi ya miaka kumi kabla ya methisilini kuuzwa. Dawa, basi, haikuuumba usugu. Bakteria wachache walikuwa nao tangu hapo, na wingi wa penisilini uliwafagia majirani zao ukawaachia nafasi.

Kwa nini wanaojidunga

Zamani ilidhaniwa kwamba uchafu uliomo katika heroini ndio unaowaua wanaojidunga. Dhana hiyo ina sehemu ya ukweli kwa bakteria wengine, hasa wale wanaokaa katika udongo, kama yule wa pepopunda. Lakini kuhusu stafilokokasi, uchunguzi uliofanywa Marekani na Carmelita Tuazon na John Sheagren, na kuchapishwa mwaka 1974 na 1975, ulielekeza kidole kwingine. Walilinganisha bakteria waliokuwamo katika damu ya wagonjwa wa moyo na wale waliokuwamo puani, kooni na juu ya ngozi ya wagonjwa hao hao, wakaona kuwa ni wamoja. Heroini yenyewe na vyombo vya kudungia havikuwa chimbuko kuu. Kikulacho ki nguoni mwako, na kwa watu hawa ki karibu zaidi ya nguo. Watafiti hao walionyesha pia kwamba wanaojidunga humbeba stafilokokasi kwa wingi kuliko watu wengine.

Sababu zake si vigumu kuziona. Mtu anayejidunga mara kadhaa kwa siku huitoboa ngozi yake maelfu ya mara kwa mwaka. Sindano ikirudiwa hupoteza makali, huchana badala ya kutoboa, na huacha kidonda. Wengine huilamba sindano kabla ya kuitumia, na mate huwa njia kutoka kooni hadi mshipani. Mshipa ukishaharibika, dawa humwagika chini ya ngozi, nyama hufa, na jipu huota. Mwenye jipu aghalabu hulificha, maana hospitali ni mahali pa kuulizwa maswali, naye hulitibu mwenyewe kwa vidonge vichache vya antibiotiki alivyovinunua. Vidonge hivyo havitoshi kumponya, lakini vyatosha kuwaua bakteria dhaifu na kuwabakiza wenye nguvu. Katika Detroit ilijulikana kwamba baadhi ya watumiaji wa heroini walikuwa na desturi ya kujinunulia antibiotiki mitaani kwa ajili ya kujikinga. Mtu aweza kuwalaumu. Lakini walikuwa wakifanya kile walichoona madaktari wakikifanya, bila kipimo na bila maabara.

Kuna pia ukaribu wa kuishi. Wanaojidunga hukusanyika mahali pamoja, hulala pamoja, hugawana vyombo, na mara nyingi hupita katika magereza na hospitali zile zile. Mwaka 2001 watafiti wa Zurich, Uswisi, walieleza jinsi ukoo mmoja tu wa stafilokokasi sugu ulivyoenea miongoni mwa watu waliojidunga katika mji huo. Na ukubwa wa hatari yenyewe ulipimwa na Kituo cha Marekani cha Kudhibiti na Kuzuia Magonjwa katika taarifa yake ya mwaka 2018. Katika maeneo sita yaliyochunguzwa, wagonjwa wanaojidunga walikuwa asilimia 4.1 ya waliopatwa na maambukizo mazito ya bakteria huyu mwaka 2011. Kufikia mwaka 2016 walikuwa asilimia 9.2. Ilikadiriwa kuwa mtu anayejidunga anakabiliwa na hatari ya maambukizo hayo mara 16.3 kuliko mtu asiyejidunga.

Jinsi moyo unavyoshambuliwa yahitaji maelezo kidogo, kwa kuwa kwa watu hawa ugonjwa una njia yake. Damu ya mishipa ya mkononi huingia kwanza upande wa kulia wa moyo. Hapo bakteria hukutana na vali ya kulia na kujishikiza. Juu ya vali huota kitu mfano wa uyoga mdogo, uliofumwa kwa damu iliyoganda na bakteria, na vipande vyake hukatika na kusukumwa mapafuni. Ndiyo maana kijana huja hospitalini akilalamika kikohozi na maumivu ya kifua, naye hutibiwa nimonia au hata kifua kikuu, kumbe kisa kiko moyoni. Matibabu yake aghalabu huchukua wiki 4 hadi 6 za dawa ya mshipani.

Usiku wa kwanza

Mgonjwa wa namna hiyo akifika usiku, maabara huhitaji siku mbili au tatu ili kutaja bakteria na dawa inayomuua. Daktari hawezi kungoja, naye hulazimika kukisia. Akitoa kloksasilini na bakteria akawa sugu, siku hizo mbili zimepotea na vali inaendelea kuliwa. Akitoa vankomisini kwa kila mtu, atawafikia wenye bakteria sugu, lakini wale ambao bakteria wao si sugu atakuwa amewapa dawa iliyo dhaifu kwao kuliko kloksasilini, inayoweza kudhuru figo, na yenye gharama kubwa. Kama mgonjwa huyo alipimwa mwezi uliotangulia, na jibu likawa limeandikwa mahali, daktari anacho cha kumwongoza. Hiyo ndiyo faida ya kwanza ya kuwatafuta wabebaji. Faida ya pili ni kuwakinga wagonjwa wengine wodini, na hii ndiyo inayotajwa zaidi, ingawa kwa mgonjwa mwenyewe ile ya kwanza ndiyo yenye uzito.

Kazi ya maabara

Kipimo chenyewe si cha ajabu. Kijiti chenye pamba safi hulowanishwa kwa maji ya chumvi yaliyotakaswa, huingizwa sehemu ya mbele ya tundu la pua na kuzungushwa mara chache, kisha tundu la pili vivyo hivyo. Mtu hahisi maumivu, ila pengine atapiga chafya. Pua peke yake, hata hivyo, haitoshi. Wako wabebaji ambao pua zao ni safi na bakteria yumo kooni au kinenani, na kwa anayejidunga hapana budi vidonda na majipu yapimwe pia. Anayepima pua tu atawakosa watu wasiopungua, na jibu lake la kuwa hakuna kitu litamdanganya daktari wa usiku ule.

Kijiti hupelekwa maabara kikiwa ndani ya kichupa chenye uji maalumu usioruhusu bakteria kufa wala kuzaana. Hapo husuguliwa juu ya sahani yenye chakula cha kuoteshea. Chakula kinachotumika zaidi kina chumvi asilimia 7.5, ambayo bakteria wengi hawaistahimili na stafilokokasi huistahimili, pamoja na sukari iitwayo manitoli na rangi nyekundu. Sahani huwekwa katika kabati la joto la nyuzi 35 za Selsiasi. Kesho yake, kama stafilokokasi wa dhahabu alikuwamo, atakuwa ameila sukari na kutoa asidi, na wekundu uliomzunguka utakuwa umegeuka manjano. Ziko siku hizi sahani za bei kubwa zaidi ambazo huonyesha bakteria sugu moja kwa moja kwa rangi yake.

Manjano peke yake si ushahidi kamili, kwa sababu wako ndugu wachache wa stafilokokasi wanaoila sukari hiyo. Kwa hiyo fundi huchukua tone la bakteria na kulichanganya na majimaji ya damu ya sungura. Yakiganda katika muda wa saa 4, huyo ni wa dhahabu; yasipoganda, huangaliwa tena baada ya saa 24.

Kisha huja kipimo cha usugu. Bakteria hutandazwa juu ya sahani nyingine hata ukubwa wote ufunikwe sawasawa, na juu yake huwekwa kidonge chembamba cha karatasi chenye mikrogramu 30 za sefoksitini. Wasomaji waweza kushangaa kwa nini methisilini yenyewe haitumiki. Dawa hiyo imekwisha kuachwa, na jina lake limebaki katika jina la bakteria tu. Sefoksitini humwamsha vizuri zaidi yule mwashi wa pili, hivi kwamba usugu uliojificha huonekana. Usiku kucha dawa husambaa kutoka karatasini, na asubuhi huonekana duara tupu ambalo bakteria hawakuota. Duara hilo hupimwa kwa rula ya kawaida. Likiwa na upana wa milimita 22 au zaidi, bakteria si sugu. Likiwa milimita 21 au chini yake, ni sugu. Kando yake lazima iwepo sahani ya bakteria anayejulikana tabia yake, ili ikiwa karatasi zimeharibika kwa joto au unyevu fundi agundue. Katika nchi za joto kasoro hii ya karatasi kuharibika si ndogo, na maabara inayoruka hatua hiyo ili kuokoa muda ni afadhali isitoe jibu.

Iko pia njia ya kuitafuta jeni ya mecA yenyewe kwa mashine, ambayo hutoa jibu katika muda wa saa chache. Ni njia nzuri mahali penye umeme wa kutegemewa na fedha za kununulia vitendanishi. Sahani na rula hazijapitwa na wakati.

Baada ya jibu

Mbebaji asiyeumwa aweza kusafishwa. Hupakwa marhamu ya mupirosini puani mara mbili kwa siku kwa muda wa siku 5, na huoga kwa dawa ya klorheksidini. Kwa mtu anayengoja kupasuliwa jambo hili lina maana, kwa kuwa anahitaji kuwa safi kwa wiki chache tu. Kwa anayejidunga, anayerudi katika chumba kile kile na kundi lile lile, bakteria mara nyingi hurejea. Tena mupirosini ikitumiwa ovyo nayo huzaa usugu wake. Haifai, basi, kuitoa kama zawadi kwa kila aliyepimwa.

Uingereza ilipata kujaribu njia ya kuwapima watu wote. Kuanzia Aprili 2009 wagonjwa waliolazwa kwa miadi katika hospitali za England walitakiwa kupimwa, na kufikia mwisho wa mwaka 2010 waliolazwa kwa dharura pia. Mwaka 2014 ushauri ulibadilishwa, upimaji ukaelekezwa kwa wodi zenye hatari kubwa na kwa watu waliokwisha kujulikana kuwa wabebaji. Kupima watu wengi ambao karibu wote hawana kitu hula fedha na muda wa mafundi. Kuwapima wachache wenye hatari kubwa ni jambo la hesabu njema, mradi wachache hao wakubali kuja.

Na hapo ndipo kazi yote huweza kuvunjika. Anayejidunga akiona kwamba kipimo kimemfanya atengwe kwa dharau, au jina lake limefika polisi, hatarudi. Na aliyelazwa, asipopewa dawa ya kutuliza arosto, huondoka siku ya tatu na sindano ya matibabu bado imo mkononi, akiacha wiki tano za tiba nyuma yake. Idhini yake ni sharti iombwe kwa maneno anayoyaelewa, naye awe na haki ya kukataa bila kunyimwa huduma nyingine.

Katika pwani ya Afrika ya Mashariki heroini iliingia katika miaka ya 1980, mwanzoni ikivutwa, na kujidunga kukaenea Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1990. Mwezi Februari 2011 kliniki ya methadoni ilifunguliwa katika Hospitali ya Taifa Muhimbili, na Kenya ilianzisha huduma kama hiyo katika hospitali ya Mathari, Nairobi, mwishoni mwa mwaka 2014. Methadoni hunywewa kila siku mbele ya mtoa dawa. Kwa utafutaji wa bakteria sugu desturi hiyo ina manufaa makubwa kuliko mashine yoyote: anayepimwa Jumatatu atakuwapo Jumatano jibu litakapotoka, na vidonda vyake vyaweza kutazamwa mara kwa mara kabla havijawa majipu. Wahudumu wa kliniki za namna hiyo wamezoea kupima virusi vya UKIMWI, homa ya ini na kifua kikuu, na kijiti cha pamba si mzigo mkubwa juu ya hayo.

Linalobaki ni jibu lenyewe likae wapi. Faili la kliniki halionekani saa saba za usiku katika hospitali nyingine. Yafaa mtu apewe kadi ndogo yenye tarehe ya kipimo, sehemu za mwili zilizopimwa, jina la bakteria na dawa zinazomuua, ili aitoe mfukoni homa itakapomshika. Neno heroini halina haja ya kuandikwa humo.